Mawe Matatu Si Jeki

Ajali haina kinga, husema watu, na aghalabu husema hivyo ili wasiulizwe kinga waliyoiweka ilikuwa ipi. Nilisikia kauli hiyo mara nyingi mno hapa Macalder siku ile ambapo kijana mmoja niliyemfundisha Fizikia aliangukiwa na pikipiki aliyokuwa akiitengeneza uani kwao. Alikuwa ameikalisha injini juu ya mawe matatu. Alipolichomoa gurudumu la mbele, pikipiki ilielemea nyuma, jiwe moja likateleza, na chuma chenye uzito wa kilo 120 hivi kikamwangukia mguuni. Vidole viwili vilivunjika. Kwa majuma sita hakutia hata shilingi moja mfukoni.

Nilipokwenda kumjulia hali, aliniuliza swali lililonichoma: "Mwalimu, mbona uzani ulinihama?" Jibu nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe, ubaoni, kwa chaki. Ukiondoa gurudumu la mbele, kitovu cha uzani husogea nyuma. Mstari wa uzani ukiishatoka nje ya tako la kitegemezi, hapana mawe yatakayozuia mwanguko. Alijibu swali hilo katika mtihani na akapata alama zake. Hakuna aliyemwonyesha kwamba swali lenyewe lilihusu uani kwao.

Mji wetu haukosi elimu ya kuinua vitu vizito. Mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu ulifungwa mwaka 1966, lakini hadi leo wachimbaji wadogo wadogo hupandisha mawe kutoka mashimoni kwa kamba na roda. Mawe hayo hubebwa na pikipiki, na pikipiki hizo zimejaa tangu Serikali ilipoziondolea kodi ya thamani ya ziada zile ndogo mnamo mwaka 2008. Mafundi nao wamezaliwa kwa wingi, wengi wao wakiwa vijana wa kidato cha nne wenye spana chache na kivuli cha mwembe. Wengine huilaza pikipiki ubavu, petroli ikamwagika na maji makali ya betri yakavuja. Wengine huitundika kwenye tawi.

Basi kijana alipopona tulifunga safari hadi mjini Migori kutafuta jeki. Tulioneshwa aina tatu. Ya kwanza ni stendi ya wenzo, inayoinua gurudumu moja tu. Ni rahisi na haina kitu cha kuharibika. Gurudumu la nyuma hubeba takriban nusu ya uzani, yaani nyutoni 600 hivi. Mkono wa wenzo ukiwa mrefu mara tano kuliko upande wa mzigo, nyutoni 120 zatosha, sawa na kuinua ndoo ya maji ya lita 12. Lakini pikipiki nyingi za boda boda tayari zina stendi ya katikati inayofanya kazi hiyo hiyo. Sikuona haja ya kununua mara ya pili kitu alicho nacho.

Ya pili ni jeki ya mkasi, inayoingia chini ya injini na kupandishwa kwa parafujo. Hiyo ilinivutia, kwa kuwa parafujo haishuki yenyewe mkono ukiachia. Ila yafaa mtu ainame kwanza atazame tumbo la pikipiki yake: bomba la moshi limepita wapi, na nati ya kumwagia oili iko wapi? Jeki ikiifunika nati hiyo, itambidi fundi aishushe pikipiki kila anapobadilisha oili.

Ya tatu ni meza ya kuinulia, yenye silinda ya mafuta na kanyagio la mguu. Pikipiki nzima hupanda hadi kiunoni, na mgongo wa fundi hushukuru. Hapa ndipo mwanafunzi amkutapo Pascal: pistoni kubwa ikiwa na eneo mara kumi ya ile ndogo, nguvu huzidishwa mara kumi, lakini ili mzigo upande sentimita 1 ile ndogo husukumwa sentimita 10. Ndiyo sababu ya kukanyaga na kukanyaga. Nilimsihi kijana asitazame uzani ulioandikwa ubavuni pekee, maana nyingi huandikwa kilo 300 au zaidi. Atazame upana wa tako. Kisha atafute pini ya chuma ya kuifungia ikishapanda, kwani mafuta huvuja na mpira huchakaa, na meza inayotegemea mafuta matupu si ya kuwekea miguu chini yake. Ziko pia za umeme. Sisi tunaojua jinsi umeme unavyokatika hatukuziuliza hata bei.

Bei ya meza ilikuwa karibu karo ya muhula mzima ya mdogo wake. Hapo maneno yalituishia. Muuzaji alidhani tunajadiliana naye kwa ukimya.

Tulinunua ya mkasi. Kwa fedha zilizosalia alichukua mfuko wa saruji, maana udongo wetu mweusi hunata na kudidimia wakati wa masika, na jeki yoyote ikiwekwa juu yake huinama kama mlevi. Alimwaga sakafu ndogo chini ya mwembe, akapachika pete mbili za chuma za kufungia mikanda kutoka kwenye usukani. Mchomeleaji wa jirani alimtobolea tundu kwenye jeki ili ipitishwe pini, ingawa parafujo peke yake ingeshikilia. Nilimwambia hivyo. Aliutazama mguu wake, akaifunga pini kwa mnyororo mfupi ili isipotee.