Aliyefungiwa ndani hawezi kukimbia moto

Sisi watu wa migodi tunafundishana jambo moja kabla mtu hajashuka shimoni mara ya kwanza: angalia fasi ya kutokea. Kama njia ni moja tu, na moshi ukaingia kwa njia hiyo hiyo, nguvu zako hazina faida tena. Ndiyo maana katika sendika tunadai njia ya pili kila mwaka, hata wakubwa wakituchoka.

Lakini kuna watu ambao kutoka kwao hakutegemei miguu yao. Kunategemea ufunguo ulio mfukoni mwa mtu mwingine. Ni wafungwa, ni watu wa kasho, ni wagonjwa wa akili waliofungiwa chumbani ili wasijiumize. Leo tunaandika juu yao.

Jambo hili lilitugusa sisi wenyewe. Kisha mgomo mmoja, wenzetu watatu walilazwa katika kasho ambayo jina lake hatutaji. Usiku, waya iliyopita juu ya mlango ilianza kutoa cheche, halafu moshi. Walipiga mlango mpaka mikono ikavimba. Mwenye ufunguo wa kadena alikuwa ametoka kutafuta chakula. Kilichowaokoa ni kura kukatika mtaa mzima, kama kawaida yetu. Mmoja wao alitoka asubuhi akikohoa, akatuambia: « Ile siku njo nilifurahia giza. » Tulicheka, lakini hatukusahau.

Jirani zetu wa Gitega, Burundi, hawakupata bahati hiyo. Tarehe 7 Desemba 2021, karibu saa kumi za alfajiri, moto uliwaka katika gereza lao kuu. Watu 38 walikufa na 69 waliumia. Gereza lilijengwa kwa watu 400, lakini ndani walikuwemo zaidi ya 1.500. Serikali ilisema chanzo ni shoti ya umeme. Makamu wa Rais Prosper Bazombanza alieleza kwamba 26 walikufa kwa kukosa hewa na 12 kwa kuungua. Ndugu msomaji, soma tena hesabu hiyo: moshi uliua mara mbili kuliko miali ya moto. Na moshi haungoji mtu atafute ufunguo.

Hapa kwetu Kivu, mwisho wa Januari 2025, wanawake zaidi ya 100 walikufa katika gereza la Munzenze, Goma, moto ulipowaka upande wao wakati wanaume walipokuwa wanatoroka. Na huko Erwadi, India, mwaka 2001, wagonjwa wa akili 28 waliungua wakiwa wamefungwa minyororo. Nchi ni mbalimbali, lakini kosa ni moja: watu wamefungiwa, na hakuna kitu ndani kinachoweza kupigana na moto mpaka mlango ufunguliwe.

Kitu hicho kipo. Ni kinyunyizio cha maji kinachowekwa kwenye dari. Ndani yake mna kichupa kidogo cha kioo chenye maji ya dawa. Hewa ya juu ikipata joto la digrii 68 hivi, kichupa kinapasuka na maji yanamwagika. Hakihitaji mlinzi, hakihitaji kura, na kinafunguka kile tu kilicho karibu na moto. Vingine vinabaki vimefunga. Moto unapigwa ukingali mdogo, kwenye matela ya kwanza, kabla moshi haujajaa chumba.

Wengine watatuambia: « Kule gerezani? Batakivunja siku ya kwanza! » Hoja hiyo ni ya kweli kwa kinyunyizio cha kawaida kinachoning'inia. Mtu anaweza kukipiga, kukitundikia nguo, kung'oa chuma chake na kukifanya kisu. Na mgonjwa aliyekata tamaa anaweza kukitumia kujidhuru. Kwa sababu hiyo watengenezaji walibuni aina nyingine ya fasi za kufungia watu. Hiyo inalala sawasawa na dari, haina pa kushika wala pa kufungia kamba. Skrubu zake hazifunguki kwa bisibisi ya kawaida. Tiyo zake zinapita ndani ya dari. Na mtu akiweka uzito wake juu yake, inakatika yenyewe na kumwacha chini, huku maji yakimwagika na kengele ikilia kwa mlinzi. Hasara ni chumba kilicholowa. Hilo tunaweza kulianika juani.

Sasa, maji yatatoka wapi? Swali hilo kila mama wa Uvira analijua, yeye anayeamka na bido kungojea robine ya REGIDESO. Hesabu yake haiogopeshi. Kinyunyizio kimoja kinatoa lita 80 hivi kwa dakika, kama maji yana nguvu ya bar 1. Hiyo ni bido nne za lita 20. Viwili vikifanya kazi nusu saa vinakunywa karibu lita 4.800. Kwa chumba kidogo, sitani ya lita 5.000 inaweza kuanza kazi, nayo isiguswe kwa kufua wala kupika. Jengo kubwa litataka zaidi, na hapo fundi ndiye atakayepima.

Na nguvu ya kusukuma? Mji wetu umebanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba. Tunaulalamikia mteremko huu, hasa tangu mto Mulongwe ulipotujia usiku wa Aprili 2020. Lakini kila mita 10 za kimo zinayapa maji nguvu ya bar 1. Sitani ikijengwa mita 20 juu ya jengo, maji yanashuka yenyewe, bila pompe na bila mafuta. Kazi hiyo watu wa migodi tunaijua, sisi tunaovuta maji mlimani kwa tiyo kila siku ili kuosha mchanga.

Hatujifichi: vinyunyizio hivi vinaagizwa mbali na vinataka feza. Wakati tunavingojea, kuna mambo ya feza kidogo. Waya za zamani zibadilishwe. Matela zisirundikwe karibu na taa. Ufunguo wa pili ukae mahali panapojulikana, na zamu ya usiku isiwe ya mtu mmoja. Tusijaze watu 1.500 fasi ya 400. Na hakuna mgonjwa anayestahili mnyororo, iwe nyumbani au katika chumba cha maombi.

Wengi wetu tuna ndugu aliyepelekwa SOSAME kule Bukavu au Kamenge kule Bujumbura, ama kijana aliyelala Mulunge. Si watu wa wengine. Kwa hiyo, kila mara serikali au shirika linapoweka jiwe la kwanza la gereza jipya, kasho au hospitali ya wagonjwa wa akili, tunaomba sendika, makanisa na wakubwa wa mitaa waulize maswali mawili mbele ya watu wote, kabla ya simenti kumwagwa: nani atakuwa na ufunguo usiku, na maji ya kuzima moto yatatoka wapi?

Sisi tutakuwepo kuuliza. Wenzetu watatu waliponea kwa sababu ya giza. Hatutaki maisha ya mtu yeyote yategemee tena kura kukatika.