Watu Huongezeka, Ardhi Haiongezeki: Mpango wa Makao, Mashamba na Malisho

Mkulima, maneno haya yameandikwa kwa ajili yako wewe ukaaye katika nchi ya Usukuma, kusini ya Ziwa Viktoria, yaani katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita. Lakini mkulima wa mahali pengine naye atapata humu mambo yamfaayo, kwa kuwa shida ya Usukuma ni shida ya kila nchi ambayo watu wake huongezeka na ardhi yake hubaki ile ile.

1. Hesabu ya watu

Mwaka 1967 watu wa Tanzania walihesabiwa, wakaonekana kuwa 12,300,000 hivi. Mwaka 2012 walikuwa 44,900,000, na mwaka 2022 walifika 61,700,000. Basi katika miaka 55 watu wamekuwa mara tano. Mkoa wa Mwanza peke yake ulikuwa na watu 2,770,000 hivi mwaka 2012. Baada ya miaka kumi tu walikaribia 3,700,000. Katika muda huo wote nchi haikupanuka hata hatua moja.

Fanya hesabu hiyo nyumbani kwako. Tuseme mtu ana ekari 12, na wana wanne. Akiwagawia sawasawa, kila mmoja atapata ekari 3. Nao wakizaa wana wanne kila mmoja, mjukuu atapata robo tatu ya ekari. Ekari moja ni kama yadi 70 kwa yadi 70; kwa hiyo kipande cha mjukuu huyo ni kidogo kuliko hapo, na juu yake hana budi kujenga nyumba, kufuga, kulima na kupata kuni. Ni dhahiri kwamba hakitamtosha. Mpango wa ardhi ni kulitazama jambo hili mapema, wakati ardhi ya kugawa ingaliko.

2. Mafunzo ya zamani

Kupanga ardhi si jambo geni katika nchi hii. Katika miaka ya 1920 watu kwa maelfu walifyeka vichaka vya Shinyanga ili kuwafukuza mbung'o, nao walifaulu, wakapata malisho mapana. Lakini miti iliyokatwa haikurudishwa. Watu na ng'ombe walipozidi, kuni zilikuwa adimu na udongo ukaachwa wazi kwa mvua na upepo.

Mwaka 1947 serikali ya wakati ule ilianza mpango mkubwa wa Usukuma, ambao makao yake yalikuwa Malya. Kusudi lake lilikuwa kuwapunguza watu na ng'ombe mahali paliposongamana, na kuwafungulia watu nchi mpya upande wa Geita. Visima na malambo vilichimbwa, na wengi walihama. Lakini pamoja na hayo zilitolewa amri nyingi juu ya kilimo na juu ya kupunguza ng'ombe, bila ya wenye mifugo kuridhika. Malalamiko yalizidi hata mwaka 1958, na amri nyingi zikaachwa.

Tena katika miaka ya 1974 na 1975 watu walihamishwa wakae katika vijiji, mara nyingi kando ya barabara. Shule na zahanati zilikaribia, na hiyo ilikuwa faida. Hata hivyo, mahali pengi mashamba yalikuwa mbali na nyumba, samadi haikufika shambani, na miti iliyozunguka kijiji ilikwisha upesi.

Funzo la mambo haya ni moja. Mpango uliofanywa bila ya wenye ardhi hautadumu, hata ukiwa na nia njema. Na kukaa bila mpango wowote huharibu ardhi polepole mpaka watu washtuke wakiwa wamechelewa.

3. Ujue udongo kabla ya kupanga

Usukuma ina vilima vya mawe, na chini yake udongo hubadilika kadiri uendavyo bondeni. Karibu na kilima ni ardhi ya kokoto na mchanga, ambayo haituamishi maji. Hapo panafaa nyumba. Hufuata udongo wa kichanga uitwao luseni, mwepisi kwa jembe, ufaao muhogo, karanga na viazi. Chini yake ni itogolo, udongo mgumu ambao hauachi maji kupenya upesi. Huu hufaa malisho, na palipojengwa majaluba hufaa mpunga. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi unatao wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi.

Usijenge nyumba katika mbuga, maana udongo ule hufura na kunywea, na kuta zitapata nyufa. Wala usijenge katikati ya luseni nzuri. Nyumba haili udongo mzuri, bali muhogo huutaka. Kandokando ya mito na ziwa, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli ziwezazo kuharibu maji ndani ya meta 60.

4. Mahali pa nyumba

Watu wengi hudhani kwamba nyumba haichukui ardhi. Tuseme katika miaka ishirini ijayo jamaa 200 wapya watajenga kijijini kwako. Kila jamaa akichukua ekari nzima katikati ya mashamba, ekari 200 zitakuwa zimeondoka. Wakijenga mahali palipotengwa, kila jamaa kwa robo ya ekari, zitatoka ekari 50 tu, na ekari 150 zitabaki kwa chakula. Tena ni rahisi kufikisha maji na barabara mahali nyumba zinapokaribiana. Acheni tangu mwanzo nafasi ya njia, ya shule na ya makaburi, kwa maana kuvunja nyumba ya mtu baadaye huleta gharama na chuki.

5. Ngitili

Wazee wa Usukuma walijua desturi ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili majani yakue, na kuifungua kiangazi wakati mahali pengine pamekauka. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, ulioendelea hata mwaka 2004. Mradi huo uliwahimiza watu kuirudisha desturi yao wenyewe, na ngitili zaidi ya hekta 300,000 zikarudishwa katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule. Kuni, majani ya kuezekea, dawa na asali vikapatikana tena. Kazi hii ilifaulu kwa sababu kila ngitili ilikuwa na mwenyewe, ama jamaa moja ama kijiji, na walioitunza ndio waliopata faida yake.

6. Namna ya kufanya mpango kwa sheria

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji katika mafungu matatu: ardhi itumiwayo na wote, ardhi ya mtu au jamaa, na ardhi ya akiba. Sheria ya mwaka 2007 juu ya mipango ya matumizi ya ardhi yaeleza jinsi ya kupanga. Halmashauri ya kijiji hutayarisha mpango, ikisaidiwa na wataalamu wa wilaya. Kisha mkutano mkuu wa kijiji huupitisha. Katika mkutano huo kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kusema, mwanamume na mwanamke.

Basi usikose siku hiyo. Asiyehudhuria atakuta malisho yake yameandikwa kuwa viwanja. Ulizeni hasa juu ya ardhi ya akiba: iko wapi, ni ekari ngapi, nayo ni kwa ajili ya nani. Ikigawiwa yote leo kwa wageni au kwa wenye nguvu, watoto wenu hawatakuwa na la kugawiwa. Mpango ukiisha kupitishwa, omba hati ya hakimiliki ya kimila, na jina la mke liandikwe pamoja na la mume.

7. Vijiji jirani

Zamani mtu aliyekosa nafasi alihama na ng'ombe wake. Wasukuma wengi wamekwenda Rukwa, Katavi, Mbeya na Morogoro. Lakini huko nako mna wenyeji na mashamba yao, na mara nyingine wakulima na wafugaji wamegombana. Kwa hiyo vijiji vinavyotumia bonde moja au lambo moja yafaa vipange pamoja njia za ng'ombe na mahali pa kunywesha.

Mkulima, zunguka mipaka ya kijiji chako pamoja na wazee na vijana kabla ya masika. Hesabuni watoto waliopo, kisha hesabuni ekari zilizobaki. Usipoziba ufa utajenga ukuta.