Barua Zilizokaa Kwenye Kapu

Mwambie mtu mzima anayeshika mausi kwa mara ya kwanza, "Haya, peleka mshale juu," na mara nyingi atanyanyua mkono, mausi hewani, waya unaning'inia, macho yamekazia kioo. Mshale hautikisiki. Ananyanyua zaidi. Darasa linacheka, naye anacheka, lakini ukweli ni kwamba amefanya alichoambiwa. Juu ni juu. Kusukuma mkono mbele juu ya meza ili kitu kipande kwenye kioo ni mapatano tu, tena mapatano ya juzi: mbunifu Douglas Engelbart aliionyesha mausi yake hadharani mjini San Francisco Desemba 1968, na kabla ya hapo ni watu wachache sana waliokuwa na sababu ya kuyajua.

Nafundisha kompyuta jioni katika chumba cha nyuma cha steshenari moja hapa Morogoro. Wanaokuja ni wenye maduka, walimu wanaokaribia kustaafu, akina mama wa vikoba, na vijana wanaotuma maombi ya kazi. Visa vya kuchekesha ninavyo vingi na navipenda, kwa sababu karibu kila kimoja ukikichunguza unakuta akili ndani yake. Mtu amekuja na elimu yake ya maisha, ameitumia kwenye mashine, na mashine imetengenezwa na watu walioishi maisha mengine.

Mzee mmoja, mfanyabiashara wa nafaka, alikuwa akiandika barua zake polepole kwa vidole viwili, na kila alipomaliza moja aliiburuta hadi kwenye picha ya kapu iliyo pembeni ya kioo. Kesho yake akija anafungua kapu, anazikuta barua zake zote, anaendelea na nyingine. Mambo yalikwenda vizuri hadi siku mwanafunzi mwenzake, aliyekuwa amejifunza kusafisha kompyuta, alipolimwaga lile kapu. Barua zikaenda.

"Mzee, kwa nini ulikuwa unaziweka humu?" nilimuuliza.

"Si kapu, mwalimu? Kapu unaweka vitu vyako unaondoka navyo."

Nilikosa la kumjibu, maana alikuwa sahihi. Nyumbani kwake kapu ni la kwenda nalo sokoni, na taka hutupwa shimoni nyuma ya nyumba. Kapu la kutupia karatasi chini ya meza ni kitu cha ofisini, tena ofisi za watu fulani. Kompyuta ya Xerox Star iliyotoka mwaka 1981 ilichora kwenye kioo meza ya karani: mafaili, kabati, trei za barua zinazoingia na zinazotoka. Mwaka 1983 Apple wakatoa kompyuta ya Lisa, nayo ikiwa na kapu la taka. Wabunifu wa huko California walichora vitu walivyokuwa wakiviona kila siku kazini. Kwa karani wa kwao picha hizo zilikuwa msaada mkubwa. Kwa muuza mahindi wa Morogoro zilikuwa fumbo. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi wangu anafuta faili makusudi, analirudisha, kisha analifuta tena na kulimwaga kapu, ili aone kwa macho yake kwamba hapo katikati kuna nafasi ya kujirudi.

Lakini aliyenifundisha zaidi ni mama mmoja, katibu muhtasi mstaafu. Anapiga chapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini, na alipoanza darasa zima lilinyamaza kumsikiliza. Alikuwa katibu wa kikoba chao na alitaka kuweka orodha ya michango kwenye Excel. Aliingiza majina na fedha kwa dakika chache, safi kabisa, kila mwanachama shilingi 10,000 zake. Tukaweka fomula ya kujumlisha. Jibu likaja: 0.

"Mwanangu, hii mashine yako ni mwizi," alisema, na watu wakaangua kicheko.

Niliangalia fomula, haikuwa na tatizo. Halafu nikaona jambo moja. Excel, usipoipangia vingine, huegemeza tarakimu kulia na maneno kushoto. Fedha zote za yule mama zilikuwa zimeegemea kushoto. Maana yake kompyuta ilikuwa inaziona ni maneno. Nikamwomba aandike mstari mmoja tena, nikatazama vidole badala ya kioo. Kwa moja alibonyeza herufi l. Kwa sifuri, herufi O kubwa. Mashine nyingi za chapa za zamani hazikuwa na kitufe cha 1 kabisa, na baadhi hazikuwa na cha sifuri. Mchapaji alifundishwa kutumia herufi hizo, na kwenye karatasi hakuna aliyeweza kuzitofautisha. Msomaji wa karatasi ni mtu, anaelewa. Kompyuta haiangalii umbo. Inapokea namba maalumu ya kila herufi au tarakimu, na namba ya herufi l si ile ya tarakimu 1, hata zikifanana kama mapacha.

Tulichagua ile safu ya fedha peke yake, tukaiamuru kompyuta itafute kila l iweke 1, na kila O iweke 0. Jumla ikatokea hapo hapo. Mama akainuka, akatazama kioo kwa karibu, akaanza kuwaeleza wenzake mambo ya zile mashine za chapa: kengele inayolia ukikaribia mwisho wa mstari, na kwa nini yeye bado anabonyeza Enter kila mstari unapoisha. Jioni ile mwalimu alikuwa yeye.

Asije mtu akadhani haya ni ya kwetu tu. Mwaka 1994 gazeti la Wall Street Journal la Marekani lilichapisha visa walivyovipata wahudumu wa simu wa kampuni za kompyuta. Mteja mmoja alikuwa akijaribu kutuma faksi kwa kuishika karatasi mbele ya kioo. Mwingine aliiweka mausi sakafuni akaikanyaga, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye cherehani ya miguu anaelewa kabisa alichokuwa anakitafuta. Wengi walipiga simu kuuliza kilipo kitufe cha "Any", kwa sababu mashine ilikuwa imewaandikia "press any key", yaani bonyeza kitufe chochote, hadi kampuni ya Compaq ikafikiria kubadili maneno hayo. Hao ni watu wa nchi iliyozitengeneza kompyuta zenyewe. Sisi Tanzania mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, zuio likaja kulegezwa kidogo kidogo, kwa hiyo wazee wengi ninaowafundisha walizikuta wakiwa tayari na mvi.

Kuna pia suala la viatu na virusi. Shule nyingi huagiza wanafunzi wavue viatu mlangoni mwa chumba cha kompyuta, na wapo waliokua wakiamini kwamba virusi vya kompyuta huingia na matope. Binti mmoja aliipangusa flashi yake kwa spiriti kabla ya kuichomeka. Vumbi lina madhara yake, linaziba feni na mashine inachemka. Virusi ni programu iliyoandikwa na mtu, na hapa kwetu, miaka ambayo intaneti ilikuwa ghali, ilisafiri zaidi kwa flashi hizo hizo tulizoazimana. Binti alikuwa ameshuku kifaa chenyewe hasa. Kilichobaki ilikuwa kumpa dawa inayofaa.

Kinachonikera ni pale mtu anapochekwa kwa dharau. Mzee anayeandika nywila, akaona nukta badala ya herufi, akafuta na kuandika upya mara nyingi akidhani mashine imeharibika, akisikia kicheko kibaya mara moja tu haulizi tena. Anampa mtu mwingine nywila yake amwandikie, na hapo ndipo pesa zake zinapopotea.

Siku hizi wengi wanaoanza ni vijana waliokulia kwenye simu. Wanagusa kioo kwa kidole, wanashangaa hakiitiki. Kusevu hawakujui, kwa sababu simu inahifadhi yenyewe. Ile alama ya disketi ni picha ya kitu ambacho hawajawahi kukishika. Wiki iliyopita kijana mmoja alimaliza barua yake ya kuomba kazi, akatoa simu, akaipiga picha kwenye kioo, akaituma kwa WhatsApp kwa dada anayehudumia printa pale mbele. Ilichapwa. Ilisomeka, na kivuli cha mkono wake juu ya sahihi. Nilimpongeza kwanza kwa kuifikisha, kisha tukakaa tena, nikamwonyesha faili linavyokwenda.