Kabla ya kuweka dosiye ISP

Matokeo ya Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, yakitoka, Bukavu inajua hata bila kuambiwa. Kutoka Kadutu hadi Panzi vijana wanapita nyuso zimejaa poda, pikipiki zinapiga honi, na majirani wanaulizana nani amepata asilimia ngapi. Baada ya siku chache furaha inageuka hesabu: mtoto aende kusoma wapi, na kwa pesa ya nani? Kwa familia nyingi za Kivu ya Kusini jibu linakuwa ISP, yaani Institut Supérieur Pédagogique, chuo cha Serikali kilichoko komuni ya Ibanda ambacho kazi yake ya kwanza ni kutayarisha walimu wa sekondari.

Wazazi na watoto wakija kuomba ushauri, wanaanza na makaratasi: yanatakiwa yapi, yawekwe wapi, mwisho lini? Nitayaeleza. Ila karatasi ikikosekana hutafutwa ikapatikana. Kigumu kurekebisha ni mstari mmoja wa fishi ya kujiandikisha, pale panapoandikwa opsio. Wengi wanaujaza wakiwa wamesimama dirishani, kwa kuchungulia rafiki ameandika nini. Mstari huo ndio unaoamua utafundisha somo gani, katika madarasa gani, na kwa kiasi kikubwa utasubiri kazi kwa muda gani.

Chuo hiki kinatoa nini

Tuanze na lisilofahamika vizuri. Kufundisha shule ya msingi hakudai kupita ISP. Nchini Kongo, aliyesoma humanite (sekondari ya juu) za pedagojia na kupata diploma ya Serikali anaruhusiwa kushika darasa la msingi. ISP inaandaa walimu wa ngazi ya juu yake: darasa la 7 na la 8, ambayo sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliyaweka ndani ya elimu ya msingi ya miaka minane, kisha miaka minne ya humanite.

Chuo cha namna hii kilizaliwa na shida. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo waliomaliza chuo kikuu walikuwa wachache mno, na sekondari zilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, mapadri na masista. Wengi wao walipoondoka, Unesco ilisaidia kuleta walimu kutoka nje, wakiwemo Wahaiti wengi, huku nchi ikifungua shule za kuandaa walimu wake yenyewe. Mizizi ya ISP Bukavu iko katika miaka hiyo. Mwaka 1971 Mobutu alipounganisha elimu ya juu yote kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA, vyuo vya ualimu viliingizwa humo, na UNAZA ilipovunjwa mwaka 1981 vikarudi kujitegemea.

Historia hiyo inaeleza tofauti ambayo hadi leo inawachanganya watu. Katika chuo kikuu cha kawaida, tuseme Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu (UOB) chenye kampasi ya Karhale, au Chuo Kikuu cha Kikatoliki (UCB) kilichoanzishwa mwaka 1989, mwanafunzi anasoma fani yenyewe. Akitaka kufundisha sekondari kama mwalimu aliyehitimu, desturi ilikuwa aongeze agregasio, yaani masomo ya ufundishaji na staji (mazoezi ya kufundisha darasani). ISP inafundisha fani na ufundishaji kwa pamoja tangu mwanzo. Ndiyo maana vyeti vyake vya zamani viliandikwa gradua au lisansi katika pedagojia ya matumizi.

Neno lisansi lenyewe linahitaji uangalifu siku hizi. Katika mfumo wa zamani mtu alisoma gradua miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili, jumla mitano. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vilianza kuhamia mfumo wa LMD unaofuata nyayo za vyuo vya Ulaya: lisansi miaka mitatu yenye kredi 180, masta miaka miwili yenye kredi 120, halafu udaktari. Kwa hiyo mjomba aliyepata lisansi mwaka 1998 alikaa chuoni miaka mitano, na mpwa wake atapata cheti chenye jina hilo hilo kwa miaka mitatu. Familia inayotaka binti afike pale alipofika mjomba ipange bajeti ya miaka mitano, yaani hadi masta.

Dosiye

Kongo haina ofisi moja inayogawa wanafunzi vyuoni kama KUCCPS inavyofanya Kenya kwa kufuata alama na machaguo ya mwombaji. Hapa kila chuo kinapokea dosiye zake, kinaweka tarehe zake na kubandika matangazo yake kwenye valvu, yaani ubao wa matangazo. Anayeomba vyuo viwili anaandaa dosiye mbili.

Vitu vya kawaida ndani ya dosiye ni hivi: barua ya kuomba, nakala ya diploma ya Serikali au ya cheti cha muda cha kufaulu, nakala za buletini (ripoti za alama) za miaka miwili ya mwisho ya humanite, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya, picha za pasipoti na risiti ya malipo ya kujiandikisha. Diploma yenyewe mara nyingi huchelewa kufika kutoka Kinshasa, kwa hiyo cheti cha muda ndicho kinachotumika mwanzoni. Usikitoe cha asili mikononi kama hukuandikiwa popote kwamba kimepokelewa.

Matatizo ya dosiye hutokea zaidi kwenye majina. Karatasi za Kongo zina nom, postnom na prénom, na majina ya Kishi yanaandikwa kwa namna zaidi ya moja: Cirimwami kwenye cheti cha kuzaliwa anakuwa Chirimwami kwenye buletini, na yule mwenye "rh" katikati ya jina anaipoteza "h" kwenye diploma. Mwanafunzi anaona ni jambo dogo. Mwaka wa mwisho wa masomo, au siku ya kutafuta namba ya mwalimu kwenye orodha ya malipo, herufi hiyo moja inamfanya awe watu wawili. Panga karatasi zote mezani kabla ya kuzipeleka, soma jina herufi kwa herufi, na utakapoona tofauti rekebisha ile karatasi iliyo rahisi kurekebishwa ili ifuate diploma ya Serikali.

Barua ya kuomba iandike kwa mkono wako na kwa Kifaransa chako. ISP inaongozwa na Mkurugenzi Mkuu, chuo kikuu kinaongozwa na Rekta, na barua iliyoandikwa kwa "Rekta wa ISP" inatangaza kwamba mwandishi ameinakili mahali. Kuna sababu nyingine. Exetat inadai asilimia 50 ili mtu afaulu, na sehemu kubwa ya siku zake nne za sesheni ya kawaida ni maswali ya kuchagua jibu. Mtu anaweza kufaulu vizuri bila kuwa amezoea kuandika ukurasa mzima. Mtoto wa hapa ameanza shule kwa Kiswahili, kwa kuwa miaka ya kwanza ya msingi hutumia lugha ya taifa, kisha akahamia Kifaransa. ISP itamfundisha kwa Kifaransa na kumtaka aandike kwa Kifaransa kila wiki. Kama barua ya nusu ukurasa inakushinda, afadhali ulijue mapema, ukatumia likizo kusoma na kuandika.

Kuhusu pesa, dai risiti kwa kila unachotoa. Tangu Februari 2025, kundi la M23 lilipoingia mjini na benki zikafunga milango, watu wengi wamekuwa wakitegemea pesa ya simu na mawakala. Ujumbe wa simu unafutika na simu inaibwa. Nakili namba ya muamala kwenye daftari siku ile ile, na uhakikishe ofisi ya chuo imeandika jina lako. Pesa ya kujiandikisha usimkabidhi "ndugu anayefahamiana na mtu wa ndani."

Kwa chuo binafsi kinachodai kuandaa walimu kuna swali moja la lazima: hati ya Serikali inayokiruhusu ina namba gani na ni ya tarehe gani? Cheti cha chuo binafsi hupitishwa na tume ya wizara ndipo kikubalike. Chuo kisicho na ruhusa hakiwezi kukupatia cheti hicho hata ukisoma miaka mitano bila kurudia mwaka.

Mstari wa opsio

Sasa tuje kwenye kiini. Opsio za ISP mara nyingi zinakuja kwa jozi: Kifaransa na lugha za Kiafrika, Kiingereza na utamaduni wa Kiafrika, historia na sayansi ya jamii, biolojia na kemia, hisabati na fizikia, jiografia na somo jirani yake, pamoja na biashara. Jozi hizo zina sababu ya kikazi. Sekondari ya Walungu, Mwenga au Shabunda yenye madarasa machache haina saa za kutosha kumwajiri mwalimu wa kemia peke yake. Inamtaka atakayejaza ratiba kwa kemia na biolojia. Ukichagua opsio unachagua jozi, na nusu ya maisha yako ya kazi inaweza kwenda kwenye lile somo ambalo hukulifikiria ulipokuwa ukijaza fishi.

Fungua buletini zako na utazame humanite ulizosoma. Aliyetoka pedagojia jumla ana faida katika masomo ya ufundishaji, lakini hisabati yake kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya aliyetoka sayansi, na katika opsio ya hisabati na fizikia atalazimika kuziba pengo hilo mwaka wa kwanza huku masomo mapya yakiendelea. Hakuna anayemkataza, inafaa tu aingie akijua.

Halafu tazama shule zenyewe. Walimu wa historia na wa Kifaransa wanaotafuta saa za kufundisha utawakuta katika kila mtaa wa Bukavu. Prefe, yaani mkuu wa sekondari, anayetafuta mwalimu wa fizikia anaweza kumaliza muhula bado akimsaka, na mara nyingi anaishia kumpa somo hilo mhandisi asiye na kazi au mwalimu wa somo jingine. Kama sayansi unaiweza, huko ndiko nafasi inakotafuta mtu.

Kingine cha kukusaidia kuchagua ni kazi yenyewe ilivyo. Siku ya staji mwanafunzi wa ISP anasimama mbele ya darasa akiwa na fishi ya maandalizi ya somo, na mwalimu wake anakaa nyuma na kalamu. Juu ya fishi kuna lengo linaloanza na maneno yale yale kila siku: mwishoni mwa somo, mwanafunzi ataweza... Hapo ndipo wanagenzi wengi wanakwama. Ukiandika "ataweza kuelewa usanisinuru", mwalimu anapiga mstari mwekundu, kwa kuwa kuelewa hakuonekani. Ukiandika "ataweza kuchora jani na kuonyesha sehemu inayopokea mwanga", hilo linapimika kwa dakika tano za mwisho. Kisha zinafuata hatua: kukumbusha somo lililopita, kuamsha hamu, kutaja kichwa cha somo, uchambuzi, muhtasari, zoezi. Asiyependa kazi hii ya kupima kila neno ataiona ISP ni ndefu sana. Anayeipenda atakuwa mwalimu mzuri hata kama asilimia zake za Exetat zilikuwa za wastani.

Kutoka cheti hadi mshahara

Kilichobaki ni kile ambacho vyuo havikibandiki kwenye valvu. Cheti cha ISP hakikuingizi moja kwa moja kwenye malipo ya Serikali. Shule nyingi za Kongo ni za makanisa na dini chini ya mkataba wa mwaka 1977: Serikali inalipa walimu, dini inasimamia. Kwa hiyo maombi ya kazi yanapita kwa prefe na ofisi ya usimamizi ya shule hizo, iwe ya Kikatoliki, ya Kiprotestanti, ya Kikimbanguisti au ya Kiislamu. Baadaye jina linapelekwa kwa idara inayoandaa malipo, ambayo watu bado wanaiita SECOPE ingawa sasa ni DINACOPE. Kabla jina halijaingia kwenye mashine, mwalimu ni "NU" (nouvelle unité), na anaishi kwa kile shule inachompa.

Elimu ya bure iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019 inahusu shule ya msingi. Sekondari, ambako mhitimu wa ISP anakwenda, bado inategemea michango ya wazazi, na kipato cha mwalimu kinapanda na kushuka kulingana na uwezo wa wazazi wa eneo lile. Simwambii mtu akimbie ualimu kwa sababu hiyo. Namwambia aiweke kwenye hesabu yake, kwa maana mwalimu wa somo linalokosa watu ana nguvu zaidi ya kujadiliana na shule, na ana nafasi kubwa zaidi ya kupata saa katika shule mbili.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kulipa chochote, nenda kwenye sekondari iliyo karibu na kwenu, mwombe prefe dakika kumi, mwamkie kwa heshima, na umuulize ni somo gani limemkosesha mwalimu muda mrefu kuliko yote. Muulize pia mwalimu mmoja kijana alisubiri muda gani kupata namba. Rudi nyumbani na majibu hayo, yaweke kando ya buletini zako, ukae na wazazi na mjaze mstari wa opsio pamoja. Mkishaelewana, vitu vingine vya dosiye ni kazi ya siku mbili tatu za kupanga foleni. Msipoelewana, msilipe kwanza: chuo kinaweza kukuruhusu kubadili opsio baadaye, lakini mwaka uliokwisha kulipiwa hakuna ofisi itakayokurudishia.