Malezi ya mtoto mwenye usonji si jukumu la mama pekee

MTOTO wa miaka sita asiyeweza kutaja jina lake anapopenya langoni na kutokomea mtaani, usalama wake humtegemea mtu wa kwanza atakayemkuta. Iwapo mtu huyo anamfahamu, atamshika mkono na kumrejesha kwao. Iwapo hamfahamu, huenda akamdhania mtukutu au mwendawazimu.

Hofu hiyo huwafanya baadhi ya wazazi wa watoto wenye usonji kuwafungia nyumbani. Hata hivyo, kumficha mtoto humwongezea hatari, kwani humnyima majirani ambao wangemtambua na kumlinda.

Usonji ni hali inayotokana na jinsi ubongo unavyokua. Huathiri mawasiliano, utangamano na namna mtu anavyohisi sauti, mwangaza au mguso. Wapo wasiosema kabisa, na wapo wanaosema kwa ufasaha na kuhitimu vyuo vikuu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na hali hii mwaka wa 2021. Si laana wala matokeo ya malezi mabaya. Haina dawa ya kuiponya, lakini mafunzo yanayoanza mapema humsaidia mtoto pakubwa.

Mafunzo hayo hufanyika zaidi nyumbani, na hapo ndipo familia nzima inapohitajika. Ikiwa mama humfundisha mtoto kuonyesha picha ya kikombe anapotaka maji, ilhali nyanya humpa maji mara tu anapolia, mtoto atajifunza kulia. Baba, ndugu na yaya hawana budi kufuata utaratibu mmoja. Aidha, wanapopokezana zamu, mama hupata nafasi ya kupumzika au kuchuma riziki.

WHO imeandaa mpango wa kuwapa walezi ujuzi huu, unaolenga familia zenye watoto wa miaka 2 hadi 9. Mpango huo una vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani. Walezi hufunzwa kutumia shughuli za kawaida, kama vile kucheza, kula na kuvaa, kumfundisha mtoto mawasiliano.

Jamii nayo ina wajibu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kupata elimu. Hapa nchini, vituo vya kutathmini mahitaji ya elimu (EARC), vilivyoanza mwaka wa 1984, huwaelekeza wazazi kwa shule zifaazo. Chama cha Autism Society of Kenya, kilichoanzishwa na wazazi mwaka wa 2003, kilichangia kuanzishwa kwa kitengo cha wanafunzi wenye usonji katika Shule ya Msingi ya City, Nairobi.

Lakini msaada mwingine haugharimu chochote. Utingo anaweza kumvumilia mtoto anayepiga mayowe garini badala ya kumfokea mamake. Mwenye duka anaweza kujua nambari ya simu ya mzazi. Waumini wanaweza kumtengea mtoto kiti karibu na mlango, mbali na vipaza sauti.

Wahenga walinena kuwa mkono mmoja haulei mwana. Mtoto huyu atakuwa mtu mzima, na huenda akaishi miaka mingi baada ya mamake kuaga dunia. Watakaomtunza siku hiyo ni wale waliomfahamu tangu utotoni.