Ruzuku ya Mbolea: Mbona Fedha Hatuioni?

Wakulima huniuliza, "Mwalimu, hiyo fedha ya ruzuku mbona hatuioni?" Hamtaiona. Haiji mkononi mwa mkulima. Wewe unalipa sehemu ya bei, na sehemu iliyobaki Serikali inawalipa wafanyabiashara wa mbolea. Msimu wa 2022/2023 mfuko wa Urea wa kilo 50 uliuzwa shilingi 70,000. Bila ruzuku ungepita 120,000.

Sasa, wanalipwaje? Kwa ushahidi kwamba wewe umenunua. Kati ya 2008 na 2014 ushahidi ulikuwa vocha yenye saini au dole gumba. Hapo ndipo baadhi yetu walipoumia. Mtu alipewa elfu chache, akatia dole, mbolea asiione. Huko Serikali ikalipa kama kawaida!

Siku hizi ni namba. Unajiandikisha kijijini, namba inakuja kwa simu, nawe unampa wakala ukinunua. Namba hiyo ndiyo saini yako. Ukimwachia mtu, atachukua mbolea kwa jina lako. (Na ukiandikisha simu ya jirani, ujumbe atausoma jirani.) Basi ujumbe ukija usome mwenyewe, kusoma si unajua? Namba iandike daftarini, na siku ya kununua andika tarehe na idadi ya mifuko, kisha dai risiti.