Milima Yetu na Maji Yake (3): Rasharasha za Sanje

Wiki iliyopita tuliona jinsi Milima ya Tao la Mashariki inavyokamata unyevu wa Bahari ya Hindi. Leo tuteremke na maji yenyewe hadi Sanje, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mahali ambapo baba, mama na watoto wenye miguu mizuri wanaweza kupanda asubuhi na kurudi kijijini mchana.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992 na haitembelewi kwa gari. Ni miguu tu. Wengine huona hiyo ni kasoro. Mimi naona ndiyo sifa yake kubwa, kwa sababu mtoto anayechoka kidogo njiani huuliza maswali ambayo yule wa kiti cha nyuma hayaulizi kamwe.

Ukitoka Mikumi kuelekea Ifakara, unavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, unaingia kwenye mashamba ya miwa, na kulia kwako milima inasimama wima kama ukuta. Ardhi ya hapa ilipasuka zamani sana: upande mmoja ukatitia na kuwa Bonde la Kilombero, wa pili ukabaki juu. Mto unaofika ukingoni hauna mteremko wa taratibu wa kuufuata, na mwamba wenyewe ni mgumu, haumomonyoki upesi. Ndiyo maana Sanje huporomoka kwa hatua tatu, jumla yake takriban mita 170.

Ofisi za hifadhi ziko Mang'ula, mbele kidogo ya kijiji cha Sanje. Huko ndiko mnakolipia na kupata mwongozaji. Kandambili ziacheni nyumbani: mawe ya mtoni yana utelezi, na kabla mtoto hajaingia dimbwini mwulizeni kwanza mwongozaji. Njiani tegeni sikio. Msitu huu una ngolaga, kima ambaye wanasayansi hawakumtambua hadi mwaka 1979, ingawa wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Hapatikani popote duniani nje ya milima hii.

Swali linaloulizwa sana pale juu ni hili: mbona ni kiangazi, mvua haijanyesha, na maji hayakatiki? Jibu liko mgongoni mwa anayeuliza. Mvua inayoangukia msituni hupokewa na majani, ikatua kwenye tabaka la majani yaliyooza, ikazama taratibu udongoni, kisha ikatoka chini kidogo kidogo kwa miezi. Kateni msitu huo, na mto utafurika masika na kusinyaa kiangazi.

Wageni wengi hupiga picha wakaondoka. Bora wakae kidogo chini ya maporomoko. Maji yanayoanguka husukuma hewa na kurusha rasharasha, na mawe yanayolowa hivyo usiku na mchana huota kuvumwani na mimea ya namna ya jimbi. Hatua chache pembeni, mimea ni mingine kabisa.

Kwamba rasharasha hizo ni uhai, tulijifunza Kihansi, kusini mwa milima hii hii. Mwaka 1996 alitambuliwa pale chura wa rangi ya dhahabu, hafiki sentimita tatu, anayezaa watoto kamili badala ya kutaga mayai. Makazi yake yote yalikuwa vipande vichache vya ardhi iliyoloweshwa na maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180, manyunyu yakapungua mno, ikabidi yawekwe mabomba ya kunyunyizia. Mwaka 2003 idadi ya vyura ikaporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu ukagundulika miongoni mwao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Walionusurika ni uzao wa wale mia tano hivi waliokuwa wamepelekwa Marekani mapema, wakilelewa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2012 baadhi yao walirudishwa Kihansi.

Sipingi umeme, nyumba yangu nayo inawaka taa. Ninachoomba ni wazazi wawasimulie watoto habari hii wakiwa palepale Sanje, wamelowa, huku mwamba wenye majani mabichi uko mbele ya macho yao. Wiki ijayo tutarudi Kidatu kuona Ruaha Mkuu unavyogeuzwa umeme.